Mninga, mvule, mtiki, mwembe au mpingo: upi uutie kwenye kerezo?

Kijana mmoja anayeanza kazi ya kukereza, yaani kuchonga mbao kwa patasi huku zikizungushwa na mashine iitwayo kerezo, alinijia karakana hivi karibuni na swali ninaloulizwa kila mara: "Shikamoo fundi. Ninunue mninga au mvule?" Nilimuuliza mambo mawili kwanza: anataka kukereza nini, na ubao wenyewe umekauka kiasi gani. La kwanza alikuwa na jibu. Anataka mabakuli ya kuuzia watalii na seti moja ya matendegu ya kitanda. La pili alijibu kwa maneno ya muuzaji: "Kaniambia ni mkavu, wa tangu mwaka jana."

Jibu hilo halitoshi. Nitalinganisha hapa miti mitano tunayoipata kwa urahisi kiasi huku Tanga na kwingineko Tanzania, lakini siwezi kuanza na majina ya miti. Mwembe uliokauka sawasawa utakupa bakuli la kudumu. Mninga mbichi, pamoja na bei yake yote, utakupa kuni.

Ukavu kwanza

Hili nililijua kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilikereza mabakuli manane ya mvule kwa mteja wa Dodoma. Mbao zilikuwa za unene wa inchi tatu, na muuzaji aliniapia kuwa zimelala bandani kwake zaidi ya mwaka. Juu zilikuwa kavu kweli, ukipiga randa zinatoa vumbi. Nikakereza wakati wa masika, nikapiga msasa, nikapaka nta, nikatuma. Kufika Agosti, upepo mkavu wa kule ulipokolea, matano kati ya manane yalikuwa yamepasuka, ufa umeanzia mdomoni ukashuka hadi karibu na kitako. Nilirudisha fedha zote. Ubao mmoja uliobaki niliukata katikati nikaona mwenyewe: nje rangi ya asali, ndani kuna kiini cha rangi nzito zaidi, na ukigusa kwa shavu unasikia baridi. Baridi ile ni maji.

Maji ya mti hutoka kwa hatua mbili. Kwanza hutoka yale yaliyojaa kwenye vijitundu vya mti, na hapo ubao hupungua uzito tu, umbo linabaki lile lile. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ndipo maji yaliyoshikwa na nyuzi zenyewe yanaanza kutoka, na ubao unaanza kusinyaa. Shida ni kwamba hausinyai sawa pande zote. Ukifuata duara la pete za mti husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kuelekea gome, na kwa urefu wa nyuzi hausinyai ila kidogo sana. Ndiyo maana bakuli lililokerezwa likiwa na unyevu huwa na umbo la yai baada ya miezi miwili, na ndiyo maana gogo la mviringo lenye kiini katikati lazima lipasuke. Usikubali kuuziwa kipande chenye kiini ndani yake, hata kikiwa cha mti gani.

Halafu "kavu" ya wapi? Ubao ulioachwa kivulini huku pwani hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hadi 16 hivi, kwa kuwa hewa yetu ina maji. Huo huo ukiupeleka Dodoma utashuka hadi 11 au 12. Kwenye chumba cha hoteli chenye kiyoyozi mchana kutwa utashuka zaidi, na kwenye nyumba ya Ulaya inayopashwa joto wakati wa baridi unaweza kufika 6 hadi 8. Kwa hiyo fundi wa Tanga anayemkerezea jirani yake wa Tanga, ubao wa asilimia 15 unamfaa kabisa. Anayemkerezea mtalii inabidi aukaushe zaidi ya hapo, ama kwenye tanuri ya kukaushia mbao, ama kwa kuuweka wiki kadhaa kwenye kabati lenye taa ya joto.

Namna ya kupima haina gharama. Kata kisilesi chembamba cha sentimita mbili, si kwenye ncha ya ubao bali angalau sentimita 30 ndani, maana ncha hukauka kabla ya kila sehemu. Kipime mara hiyo hiyo kwa mizani ya jikoni. Kitie kwenye oveni ya nyuzi joto 103 za Selsiasi mpaka uzito uache kushuka, kwa kawaida siku nzima. Tuseme kilikuwa gramu 92, kikaishia 80. Maji yaliyotoka ni gramu 12. Gawanya kwa 80, unapata asilimia 15. Vipo vipima unyevu vya kuchoma sindano mbili, navyo vinasaidia, ila vinasoma karibu na ngozi ya ubao, na kwenye mti mzito kama mpingo vinadanganya. Kugonga ubao na kusikiliza mlio nimekufanya miaka mingi. Kunasaidia kulinganisha mbao mbili za mti mmoja wenye unene mmoja, basi.

Na jihadhari na unene. Watu hudhani ubao wa inchi mbili unahitaji muda mara mbili ya ubao wa inchi moja. La, ni karibu mara tatu au nne, kwa kuwa maji ya katikati yana safari ndefu. Ubao wa inchi moja kivulini, umepangwa juu ya fito ili hewa ipite, ni hesabu ya miezi. Kipande cha tendegu cha inchi nne ni hesabu ya miaka. Muuzaji anayekuambia kipande kama hicho kimekauka tangu mwaka jana huenda hakusudii kukudanganya. Hajakikata katikati tu.

Mninga na mvule

Hii ndiyo mizani inayowasumbua wengi, na kwa haki, maana miti hii miwili inakaribiana. Kwa uzito hakuna tofauti ya maana: mita moja ya ujazo ya mninga mkavu ni kama kilo 640, ya mvule kama 660. Kwa kweli hata mtiki na mwembe wako hapo hapo, kati ya 600 na 700. Wengi huchagua kwa kuinua ubao mkononi wakisema "huu mzito, ndio mgumu." Kwa miti hii minne, ule mzito mara nyingi ndio wenye maji.

Mninga una sifa moja ambayo kwa mkerezaji ni dhahabu: husinyaa kidogo sana. Ubao ambao haukukauka kikamilifu unaweza kukusamehe ukiwa mninga, ambapo mti mwingine ungepasuka. Unakatika vizuri. Patasi ikiwa kali, maranda yanatoka marefu, yanajiviringa kama maganda ya chungwa, na karakana nzima inanukia harufu nyepesi tamu. Rangi yake hutofautiana mno, kuanzia kahawia ya dhahabu hadi wekundu wa matofali, mara nyingine ndani ya ubao mmoja. Kwa bakuli moja huo ni urembo. Kwa matendegu manne yanayopaswa kufanana ni kero, kwa hiyo nunua vipande vyote kutoka ubao mmoja au gogo moja.

Udhaifu wake ni ile sehemu nyeupe ya nje, jirani na gome. Bungua, wadudu wanaotoboa mbao, wanaipenda. Ukiona vitundu vidogo na unga laini kama wa ngano chini yake, usichukue, au kata weupe wote uuchome siku hiyo hiyo. Pia uangalie usiuziwe mkurungu kwa jina la mninga. Ni ndugu yake wa karibu, mwekundu zaidi na mgumu zaidi. Si mti mbaya, lakini haukatiki kwa ulaini ule.

Mvule ni mti wa nguvu na wa kuvumilia maji. Majahazi yamejengwa kwa mvule, na milango pia. Ukikauka hutulia vizuri. Kwenye kerezo, hata hivyo, una mambo mawili ya kukutia jasho. Kwanza nyuzi zake hupishana: tabaka moja limelala huku, jingine kule. Kwenye bakuli kuna pande mbili ambapo patasi hukutana na nyuzi kinyume, zinang'oka badala ya kukatika, na unabaki na vishimo ambavyo msasa wa namba 80 hauvimalizi. Dawa ni kunoa upya kabla ya mkato wa mwisho na kuchukua kidogo kidogo.

La pili ni mawe. Sisemi kwa mfano. Mvule hujiwekea chokaa ndani ya mbao, chembe ngumu nyeupe, nyingine kama punje ya mtama, nyingine kubwa kama yai. Kwa nje huioni. Wakati mwingine kidokezo pekee ni kipande cha ubao chenye rangi nzito kuliko jirani zake. Ukiwa unakereza bakuli la sentimita 30 kwa mizunguko 600 kwa dakika, bobari (patasi ya makali ya mviringo) ikakutana na jiwe hilo, unasikia "tak!", cheche inaruka, na makali yamepotea kwa urefu wa kucha. Ukiona doa jeusi lisiloeleweka, lichimbe kwa ncha ya patasi kabla hujawasha mashine.

Vumbi la mvule ni kali. Linawasha macho na pua, na wapo mafundi waliopata pumu kwa ajili yake. Vumbi la mninga nalo si jema. Barakoa ivaliwe kwa miti yote hii, tangu mkato wa kwanza, si pale unapoanza kupiga chafya.

Kwa hiyo, baina ya hiyo miwili: bakuli, sahani, chano, kikombe cha kalamu, chagua mninga bila kusita. Matendegu, nguzo za ngazi, chochote kitakachokaa baraza lenye kupigwa na mvua, mvule unastahili taabu yake. Na mvule bora kwenye kerezo, kwa uzoefu wangu, ni ule wa zamani: mlango uliovunjwa, boriti, kitanda cha kale. Umekauka kwa miongo, umemaliza kusinyaa. Pitisha sumaku kila upande kutafuta misumari.

Mtiki

Pwani wazee waliuita msaji, na zamani ulikuja kwa bahari kutoka India na Burma. Sasa tunao wetu, uliopandwa tangu enzi za Wajerumani, na kwa sisi wa Tanga shamba la Longuza kule Muheza liko karibu. Morogoro wana Mtibwa na bonde la Kilombero. Faida yake kubwa ni kwamba ni mti wa shamba. Unaununua bila kujiuliza msitu gani umebaki uchi.

Unatulia vizuri, mafuta yake ya asili yanaukinga na maji, na nyuzi zake kwa kawaida zimenyooka, jambo linalofaa sana kwa matendegu. Ila ndani yake mna mchanga mchanga unaokula makali ya patasi. Tarajia kunoa mara mbili ya kawaida. Mafuta yale yale yanakataa gundi, kwa hiyo pangusa sehemu ya kuunganisha kwa tina (kimiminika cha kuyeyushia rangi) na uunganishe papo hapo. Angalia umri wa mti pia. Miti myembamba inayopunguzwa shambani ikiwa michanga huuzwa rahisi, lakini ni myeupe karibu yote, haina mafuta yale wala rangi ile unayoifikiria ukisikia neno mtiki.

Mwembe

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu mti huu unadharauliwa na mimi naupenda. Kila mtaa una mwembe mzee ulioacha kuzaa au ulioangushwa na upepo, na mwenyewe atafurahi ukiuondoa. Gogo ni pana. Bakuli la sentimita 40 linatoka bila kuunganisha mbao. Na fangasi wakianza kuuingia kidogo kabla haujakauka, unapata mistari myeusi na ya kijivu juu ya rangi ya asali, kila bakuli na mchoro wake. Hakuna mninga utakaokupa hilo.

Lakini mwembe mkavu wa kununua huupati kirahisi. Utaukausha mwenyewe, na ukichelewa utawakuta bungua na fangasi wameshamaliza kazi. Mimi hufanya hivi. Siku gogo linapokatwa, nalipasua katikati ya kiini ili kiini chote kitoke, na napaka ncha zote nta iliyoyeyushwa au rangi ya mafuta iliyobaki. Ndani ya wiki mbili nakereza kila kipande kikiwa bado kibichi, umbo la bakuli lakini nene: unene wa ukuta uwe sehemu moja ya kumi ya upana. Bakuli la sentimita 30 linabaki na ukuta wa sentimita 3. Kibichi kinakatika kama viazi, maji yanakurukia usoni.

Halafu mabakuli hayo mazito nayafunika ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake, nayaweka sakafuni mbali na upepo. Kila bakuli nimeliandika kwa penseli kwenye kitako: tarehe na uzito. Kila Jumamosi napima na kuandika upya. Uzito ukikaa pale pale majuma matatu mfululizo, limekauka kwa kiwango cha hewa ya hapa. Kwa wakati huo limekuwa na umbo la yai, na ule unene niliouacha ndio unaoniwezesha kulirudisha kwenye duara, safari hii jembamba na safi. Katika kumi, moja au mawili hupasuka, hasa yale yaliyokuwa jirani na kiini au tawi. Nakubali hasara hiyo.

Kama ngozi yako inawashwa na utomvu wa maembe, vumbi la mwembe litakuwasha pia. Vaa mikono mirefu.

Wachongaji wa Mombasa wameshatuonyesha njia katika hili: mpingo na muhugu vilipoadimika, wengi walihamia mwembe, mjakaranda na mwarobaini. Mwarobaini niliujaribu. Unakerezeka, ila nyuzi zake hupishana, na vumbi lake ni chungu mpaka kooni.

Mpingo

Huu hauwekwi kwenye mizani moja na ile minne. Mita ya ujazo inapita kilo 1,200, kipande chake kinazama majini. Unakatika kama mfupa au chuma laini: maranda mafupi, vumbi jeusi, na uso unaotoka chini ya patasi unang'aa kabla ya msasa. Uzi wa parafujo unaweza kuuchonga ndani yake ukashika. Ndiyo sababu klarineti na obo (ala za muziki za kupuliza) za dunia nzima hutengenezwa kwa mti huu wetu.

Kuukausha ni subira tupu. Hutoa maji polepole mno, na ncha zikiachwa wazi zinachanika siku chache tu baada ya kukatwa. Nunua vipande vifupi vilivyopasuliwa pembe nne, weupe wote umeondolewa, ncha zimepakwa nta. Angalia nyufa nyembamba kama unywele. Lowesha uso kwa kitambaa chenye maji, ubao utakauka haraka na ufa utabaki na mstari wa unyevu. Vipande vingi vina ufa wa namna hiyo, au uwazi moyoni, kwa hiyo hesabu mapema kwamba sehemu kubwa ya ulichonunua itakuwa mabaki. Lakini mabaki ya mpingo hayatupwi: pete, kete, kishikio cha droo, kichwa cha fimbo.

Mti huu huhitaji miaka 70 hadi 100 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Kwa sababu hiyo sioni haki kuutengenezea bakuli, ambalo asilimia kubwa ya ubao huishia kuwa vumbi. Uutumie kwa vitu vidogo. Na uulize umetoka wapi: wapo wanavijiji wa Kilwa waliopata cheti cha FSC, cha kuthibitisha misitu inayotunzwa vizuri, kwa misitu yao tangu mwaka 2009, na fedha inawarudia. Kwa mbao zote za asili, dai hati ya kusafirishia na alama ya nyundo iliyogongwa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kama unafikiria kuuza mbao nje ya nchi, mpingo umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017, na mninga na mkongo vikafuata mwaka 2023, utahitaji kibali.

Nilichomwambia yule kijana

Kwa matendegu, achukue mtiki uliokomaa, vipande vinne vya gogo moja, nyuzi zimenyooka kutoka ncha hadi ncha. Apite na kidole kufuata mstari. Ukitokea ubavuni kabla ya kufika mwisho, tendegu hilo litavunjika pale lilipochongwa jembamba. Kama vya inchi nne vilivyokauka havipatikani, aunganishe mbao mbili za inchi mbili zilizokauka kweli. Mstari wa gundi hauonekani sana kwenye kitu kilichokerezwa, na hautapasuka.

Kwa mabakuli, asinunue ubao mzima wa mninga. Azunguke kwa mafundi wa samani aombe mabaki: vipande vya inchi mbili vilivyokatwa kwenye miguu ya meza na fremu za milango. Vimekaa karakana miezi na miezi, vimekauka kuliko chochote kilicho kwa muuzaji wa mbao, na vinauzwa kwa bei ya kuni. Vinatosha sahani na mabakuli ya karanga. Mabakuli makubwa ayapate kwa mwembe, aanze leo, ayauze msimu ujao.

Aliondoka na kipande kimoja cha mninga wangu na penseli. Bakuli la mwembe alilotaka kununua pale pale sikumpa. Kitako chake kinasomeka gramu 2,155 Jumamosi iliyotangulia na 2,140 Jumamosi hii. Bado linatoa maji.